Meli za kitalii: kipi cha kulipia zaidi na kipi cha kuacha

Naishi Houston, na bandari ya Galveston iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Likizo zikikaribia simu yangu haitulii. Shangazi yangu wa Dallas anataka kuwapeleka kwenye meli wakwe zake wanaotimiza miaka 50 ya ndoa. Jirani yangu Mrundi kapata tiketi nafuu ya kwenda Cozumel, kisiwa cha Meksiko, na tangu hapo anatumiwa barua pepe kila siku: ongeza hiki, ongeza kile. Wote wanaishia kuniuliza swali moja, je, inafaa?

Nimepanda meli hizi mara sita. Safari ya kwanza nilinunua karibu kila kilichouzwa. Ya mwisho nilikwenda na mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, na juu ya nauli nilinunua vitu viwili tu. Majibu yangu yanatoka katika safari zote hizo. Bei nimezitaja kwa dola za Marekani, na kwa kuwa hupanda na kushuka kwa meli na kwa msimu, zichukue kama kipimo cha kukuongoza.

Nikilipa nauli ya kawaida tu, nitakula nini?

Utakula vizuri na utashiba. Ndani ya nauli kuna ukumbi mkuu wa chakula, ambako unakaa mezani, unaletewa menyu, na kufikia usiku wa pili mhudumu anakujua kwa jina. Kuna bufee kwenye sitaha za juu karibu na bwawa, halafu kuna vibanda vya piza, baga na aiskrimu. Kwenye meli za kampuni ya Carnival, kwa mfano, baga za Guy's na taco za BlueIguana hazina malipo ya ziada. Pale ukumbini ukitaka vianzio viwili unaletewa viwili. Carnival hutoa hadi milo mikuu miwili kwa mtu mmoja. Wa tatu ndio hutozwa dola 5, na sijaona aliyeufikia.

Ndugu zetu wengi wanaukwepa ukumbi mkuu kwa kuogopa mavazi, wanakula bufee usiku wote kisha wanalalamika kwamba chakula cha meli hakina ladha. Msiuogope. Shati safi na suruali ndefu vinatosha, kanzu inatosha, gauni linatosha. Usiku wa mavazi rasmi mama alivaa dera lake la kijani na mtandio, na wanawake wawili wa meza ya jirani waliinuka kuja kuuliza limenunuliwa wapi.

Sasa kama chakula kimo ndani ya nauli, mikahawa ya kulipia inauza nini?

Inauza utulivu. Hili ndilo jambo ninalotaka kila anayeniuliza alielewe kabla ya kutoa kadi yake. Sikatai kwamba steki ya mkahawa wa kulipia ni nene zaidi na imechaguliwa vizuri. Lakini ukumbi mkuu unalisha mamia ya watu kwa zamu, wahudumu wanakimbizana na sinia, watoto wanalia, na wa zamu ya pili wameshajipanga mlangoni. Mkahawa wa kulipia una meza chache na taa za chini, na mhudumu ana muda wa kukusikiliza. Ukitoka pale unasema umekula vizuri, kumbe kilichokupendeza ni saa mbili za kukaa na mwenzako bila mtu kukuharakisha.

Biashara hii ni ya zamani. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilianza safari ikiwa na mkahawa wa Ritz-Carlton, chini ya mkono wa César Ritz, mtu maarufu wa hoteli, ambako abiria wa daraja la kwanza waliagiza sahani kwa sahani na kulipia. Titanic nayo mwaka 1912 ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Lakini wakati ule abiria aliyechagua kula mkahawani safari nzima alipunguziwa nauli, kwa kuwa hakuwa anakula chakula cha ukumbini. Leo hupunguziwi hata senti. Ukienda kwenye mkahawa wa kulipia, mlo wa jioni hiyo umeulipia mara mbili: ndani ya nauli, na tena mezani.

Kwa hiyo mimi huwarudishia swali. Je, unachokikosa ni chakula, au ni utulivu? Kama ni utulivu, basi mkahawa mmoja kwa usiku mmoja unaweza kuwa na thamani kubwa. Kama ni chakula, rudi ukumbini, kimeshalipiwa.

Bei zake zikoje, na ni lini ungenishauri nikubali?

Mlo wa jioni kwenye mkahawa wa steki huwa kati ya dola 40 na 80 kwa mtu, na juu yake kuna asilimia 18 hadi 20 ya huduma. Watu wawili wanaweza kuondoka na bili ya dola 150 kabla ya kinywaji chochote.

Mke na mume wanaoadhimisha ndoa yao, wameacha watoto kwenye klabu ya watoto, hao nawaambia waende bila kujuta. Wanaotaka kujaribu tu waende mchana wa siku ya baharini: kwenye meli nyingi mkahawa uleule hufunguliwa kwa chakula cha mchana kwa bei ndogo zaidi, na jiko ni lilelile. Usiku wa kwanza pia ulizia, kwa sababu watu bado wanazungukazunguka kuijua meli, meza ziko wazi, na punguzo hutolewa mara nyingi.

Ninachokataza ni kununua furushi la milo mitatu au minne kabla ya safari. Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Usiku wa tatu ulituangukia siku ya Cozumel, tulikuwa tumekula samaki wa kuchoma ufukweni saa tisa alasiri, tumeshiba hadi kooni, na bado tukalazimika kubadilisha nguo kwenda kukaa mbele ya sahani kwa sababu pesa ilikwishatoka. Nilikata vipande viwili vya nyama nikaweka kisu chini. Ule haukuwa mlo, ulikuwa deni.

Kwa kundi kubwa, kama sherehe ya wazee yenye watu 12, usihangaike na mkahawa wa kulipia. Ukumbi mkuu hujua kuunganisha meza, mradi uwaambie mapema na nambari zenu za safari ziunganishwe.

Kifurushi cha vinywaji je?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tupige hesabu pamoja. Chukua kifurushi cha dola 75 kwa siku. Ongeza asilimia 18 ya huduma, inakuwa dola 88.50. Kinywaji kimoja cha kileo cha dola 14, pamoja na huduma hiyohiyo, ni dola 16.52. Gawanya: itabidi unywe sita kila siku ndipo uanze kupata faida. Kila siku maana yake ni pamoja na siku mtakayoshuka Cozumel tangu asubuhi na kurudi saa kumi jioni, na pamoja na siku utakayoamka na kichwa kinauma.

Tena Carnival na Royal Caribbean hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba kile wanunue. Mume anakunywa, mke hanywi, mnalipia wawili. Kwa siku 7 hiyo ni dola 1,239, na katika misimu ya kawaida hiyo inaweza kuwa nauli ya mtu mwingine mzima. Kifurushi cha Carnival pia kina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa siku. Wanaokuambia utakunywa bila kikomo hawajasoma masharti.

Angalia pia kampuni zinazosema kifurushi ni zawadi ndani ya nauli. Norwegian imeuza safari kwa namna hiyo miaka mingi, lakini malipo ya huduma ya kifurushi unatozwa wewe, na yanahesabiwa kwa bei kamili ya kifurushi. Soma mstari huo kabla ya kushukuru.

Sisi hatunywi pombe kabisa. Tununue kifurushi cha soda na juisi?

Kwa mtu mzima, hapana. Maji, chai, kahawa ya kawaida na maji ya limau vipo bure bufee, na juisi hupatikana wakati wa kifungua kinywa. Kijana anayekunywa soda nne au tano kwa siku anaweza kufaidi kifurushi cha soda peke yake, ambacho huwa dola 10 hadi 15 kwa siku. Hata hivyo Carnival na Royal Caribbean hukuruhusu kupanda na soda zako siku ya kwanza, hadi 12, zikiwa kwenye mzigo wa mkononi. Tofauti ni kwamba Carnival hukataa chupa, na Royal Caribbean huhesabu 12 hizo kwa chumba, sio kwa mtu.

Kuhusu chai, najua mnachotaka kuuliza. Chai ya maziwa iliyochemka na tangawizi hutaikuta. Mama alibeba pakiti ya majani ya chai na tangawizi ya unga iliyofungwa kiwandani. Kila asubuhi alimwomba kijana wa mashine ya kahawa maziwa ya moto nusu kikombe, akamwagia majani, akafunika kwa kisosi na kuhesabu hadi mia moja. Siku ya nne yule kijana alikuwa akimwona tu anamwandalia kisosi.

Chakula cha halali kinapatikana? Mkahawa wa kulipia unasaidia?

Kulipa zaidi hakubadilishi namna mnyama alivyochinjwa. Nalisema hivyo wazi kwa sababu nimewasikia Waislamu wenzangu wakidhani mkahawa wa bei kubwa una uangalizi tofauti. Nyama inatoka kwenye stoo moja ya meli.

Mnapokata tiketi, iandikieni kampuni moja kwa moja mkaulize nyama ya halali, na mpate jibu la maandishi. Wasipokuwa nayo, mtaishi vizuri kwa samaki, mayai na mboga. Meli nyingi kubwa hupika mlo wa Kihindi wa mboga kila usiku ukumbini, na mara nyingi ndio sahani yenye viungo kuliko zote za menyu. Kwangu mimi ni bora kuliko steki hata kama uchinjaji usingekuwa hoja. Mwambieni mhudumu usiku wa kwanza. Usiku wa pili atakuletea menyu ya kesho yake mchague mapema, na jikoni watajua kutotumia divai kwenye mchuzi wenu.

Naweza kubeba chakula changu kutoka nyumbani?

Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi. Vitafunio vya pakiti ambayo haijafunguliwa vinapita. Jagi la umeme la kuchemshia maji na pasi vyote huchukuliwa mlangoni kwa sababu ya hatari ya moto, unarudishiwa mwisho wa safari.

Mama hakuniambia. Tumefika kwenye maegesho ya Galveston, anafungua begi, anatoa hotpoti: chapati kumi na mbili na sambusa za nyama, zimefungwa kwa kitambaa cha kanga, bado zina joto. Aliamka saa tisa usiku kuzipika. Sikuweza kumwambia tuzitupe. Tulikaa nyuma ya gari, mlango umeinuliwa, meli ikiwa mbele yetu kama jengo la mtaa mzima, tukala hadi tukamaliza, na familia moja ya Wameksiko waliopaki kando tukawapa sambusa nne. Kwa hiyo waambieni wazee wenu wiki moja kabla, sio siku ya safari.

Nipandishe daraja la chumba?

Hapa ndipo ninapokuwa tayari kutoa pesa, lakini daraja la chumba lina uzito mdogo kuliko mahali kilipo. Madaraja ni manne: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye kibaraza, na suiti. Wengi wanaangalia daraja, wanasahau kuangalia ramani ya meli.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, na waliokuwa wakisema hivyo walikuwa mabaharia kweli. Meli ikipanda na kushuka na mawimbi, omo (mbele) na tezi (nyuma) ndizo zinazobembea zaidi, katikati inatulia. Sitaha za chini nazo hutulia kuliko za juu. Mwenye kichefuchefu akilipia chumba kizuri chenye kibaraza, juu kabisa, kule omo, atakuwa amenunua ugonjwa. Chumba cha ndani, katikati, sitaha ya chini, kitamlaza usingizi kwa nusu ya bei.

Angalia pia kilicho juu yako na chini yako. Chumba chema kina vyumba juu yake na vyumba chini yake. Safari yangu ya kwanza chumba kilikuwa na kibaraza, nimekilipia vizuri, na juu ya dari kulikuwa na eneo la bwawa. Saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi walianza kupanga viti, na kila kiti kilivutwa. Siku saba.

Kibaraza kinafaa lini? Alaska na kwenye fyodi za Norwei, zile ghuba nyembamba kati ya milima, kinafaa, kwa sababu mandhari inapita mbele yako muda wote. Karibiani, mkiwa vijana mnaoshuka kila bandari na kurudi chumbani kulala tu, pesa hiyo wekeni kwenye matembezi. Kwa mzee ambaye hatashuka kila siku, kibaraza ndicho cha kwanza kununua, na ndicho kimoja kati ya vile viwili nilivyomnunulia mama. Aliamka kwa sala ya alfajiri, akikaa pale na tasbihi mpaka jua lipande. Asubuhi ya pili nilimkuta anatazama Ghuba ya Meksiko kimya, halafu akaniambia: "Bahari ya huku haina ngalawa hata moja." Tukakaa pale hadi chai ikapoa.

Chumba cha ndani nacho kina lake la kujua: giza lake ni giza kweli, hujui kama kumekucha. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha picha ya mbele ya meli. Iache wazi bila sauti, itakuwa dirisha lako.

Nimepata barua pepe inayoniambia niweke dau la kupanda daraja. Ni utapeli?

Si utapeli. Royal Caribbean, Norwegian, Celebrity na nyingine zina utaratibu huo: unataja kiasi uko tayari kuongeza, na chumba kikibaki wazi karibu na safari wanakubali au wanakataa. Lakini yako mambo yanayowakamata watu. Kiasi unachoweka kwa kawaida ni cha mtu mmoja, na chumba huhesabiwa watu wawili; ukiandika 150 utakatwa 300. Anayesafiri peke yake pia hukatwa cha wawili. Wakishakubali, pesa imekwenda, hakuna kurudi nyuma. Na mahali pa chumba wanachagua wao, kwa hiyo ule utulivu wa ngamani uliouchagua kwa makini unaweza kuupoteza ukapelekwa tezi juu ya klabu ya muziki.

Mimi huweka dau dogo kabisa wanaloruhusu, au siweki. Familia ya watu wanne kwenye chumba kimoja ndiyo hufaidi, kwani Royal Caribbean huhesabu dau kwa wawili wa kwanza tu.

Suiti zenye eneo lake la pekee zinastahili?

The Haven ya Norwegian na Yacht Club ya MSC ni kama meli ndani ya meli: bwawa lao, mkahawa wao, mlango wao wa kuingilia. Kwenye Queen Mary 2 ya Cunard daraja la chumba ndilo linaloamua hata ukumbi utakaolia chakula, Britannia, Princess Grill au Queens Grill. Mambo ni mazuri, lakini bei yake mara nyingi ni mara mbili au tatu ya kibaraza cha kawaida. Kwa pesa hiyo mngeweza kusafiri tena mwaka ujao. Kwa familia za kipato chetu siwashauri.

Kulipia kuingia melini mapema?

Hapana. Siku usajili wa mtandaoni unapofunguliwa, ingia mapema uchague saa ya kwanza ya kupanda. Ni bure, na saa sita mchana utakuwa unakula bufee.

Intaneti?

Huwa dola 15 hadi 35 kwa siku kwa kifaa kimoja, na tangu kampuni zilipoanza kufunga Starlink, intaneti ya setilaiti, Royal Caribbean ikitangaza mwaka 2022, kupiga simu za WhatsApp nyumbani kumewezekana kabisa. Familia inunue intaneti ya kifaa kimoja. Mmoja akitoka, mwingine anaingia kwa akaunti ileile. Katika safari nyingine sisi tuliweka saa mbili usiku kuwa saa ya simu.

Bakshishi ya kila siku, naweza kuiondoa?

Kampuni nyingi hukata dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, watoto nao wakiwemo. Kwenye kampuni kadhaa unaweza kwenda kaunta ukaomba iondolewe. Nawaomba msifanye hivyo. Kama bajeti imebana, acheni mikahawa, acheni vifurushi, lakini hii iwekeni kwenye hesabu tangu siku mnakata tiketi, kwa sababu ni sehemu ya mshahara wa watu wanaokufulieni shuka.

Na baadhi yao ni watoto wetu. Vijana wa Mombasa wanaajiriwa kwenye meli hizi, wengine wakiwa wamepita Bandari Maritime Academy. Beji ya kifuani huandikwa jina na nchi. Usiku wa kwanza mama alisoma beji ya mhudumu wetu, akaona Kenya, akamwambia, "Hujambo mwanangu?" Yule kijana aliweka sinia chini kabla ya kujibu: "Shikamoo, mama." Toka usiku ule, bila kuombwa, alileta kisahani cha pilipili mbichi zilizokatwakatwa na ndimu. Alikuwa na miezi saba hajaona kwao, na mwanawe alikuwa ameanza kutembea yeye akiwa baharini. Usiku wa mwisho mama alimpa bahasha, juu ya ile bakshishi ya kukatwa, na kanga moja ya kumpelekea mkewe.

Wazazi wanatoka nyumbani kwa ndege. Niwalipie daraja la biashara?

Kama unazo, wazazi wanastahili. Kama utakopa, usikope. Kuna huduma ya bure ambayo wengi hawaijui: unapokata tiketi, omba msaada wa kiti cha magurudumu. Mzazi hahitaji kuwa mlemavu. Inatosha kwamba hawezi kutembea masafa marefu au kusimama foleni. Mtu wa uwanjani atampokea, atamvusha uhamiaji na kumfikisha kwenye ndege ya pili. Kwa mzee asiyejua Kiingereza anayebadilisha ndege Doha au Addis Ababa, hilo lina thamani kuliko kiti kipana. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, inachukua saa 15 hivi na inaondoa mabadiliko ya katikati ya safari.

Wafike siku kadhaa kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Na kagua viza: meli inatoka Marekani na kurudi, kwa hiyo viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Meksiko yenyewe humruhusu mwenye viza halali ya Marekani kushuka bila kuomba nyingine.

Cha pili ulichomnunulia mama ni nini?

Bima. Zahanati ya meli ni ya kulipia, hata kumwona daktari tu kunaweza kufika mamia ya dola, na mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali kwa helikopta bili huhesabiwa kwa maelfu. Bima ya afya aliyokuja nayo mgeni kutoka nyumbani, au hata yako ya kazini, mara nyingi haifanyi kazi baharini au Meksiko. Uliza maneno matatu: meli, nchi za nje, kusafirishwa. Uliza pia kuhusu magonjwa aliyonayo tangu zamani, kisukari na presha, kwani kampuni nyingine huyafunika tu ukinunua bima ndani ya siku chache baada ya kulipa mara ya kwanza.

Mama hakuumwa, alhamdulillahi. Ningeinunua tena kesho.

Nikiamua kununua kitu, ninunue lini?

Kabla ya kupanda, mtandaoni. Bei ya melini huwa juu. Royal Caribbean hukuruhusu kufuta na kununua upya bei ikishuka kabla ya safari, basi nunua mapema ukiona bei inaridhisha, kisha chungulia kila wiki. Punguzo la mwishoni mwa Novemba ni la kweli mara nyingi.

Bili ya mwisho ikija na kitu sikukinunua?

Kagua bili kila usiku kwenye programu ya simu au kwenye televisheni ya chumbani, usingoje mwisho. Safari moja nilikuta nimetozwa chupa ya divai ya meza ya jirani. Kaunta walitazama sahihi, wakaona si yangu, wakaifuta ndani ya dakika tano. Ukishashuka bandarini, jambo hilohilo ni barua pepe za wiki tatu. Usiku wa mwisho foleni ya kaunta ni ndefu, kwa hiyo nenda siku moja kabla, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wengi wako bwawani.